Reli ya Uvinza–Musongati: mzigo upite wapi, na kibao kisimame wapi?

Nilikuwa Kabanga, wilayani Ngara, nikisubiri makaratasi ya ngano iliyokuwa inakwenda Bujumbura. Giza lilikuwa linaingia. Dereva mmoja mtu mzima alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake, anachovya mkate kwenye chai. Akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mdogo wangu, mimi mlima siuogopi. Naogopa mkono."

Mkono wa kuendeshea. Tangu atoke Dar es Salaam alikuwa amekaa kushoto kwa zaidi ya kilomita 1,200. Akivuka tu, upande wa Kobero, anahamia kulia, na usukani wake uko palepale ulipokuwa. "Nikiamka asubuhi kule," akasema, "dakika kumi za kwanza naendesha huku najisemesha: kulia, kulia, kulia. Kungekuwa na kibao cha kunisemesha, mimi ningenyamaza."

Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati, ndani ya Burundi, karibu kilomita 280. Kwa Burundi hii itakuwa reli ya kwanza katika historia ya nchi. Nimeshughulika na mizigo ya transiti, yaani inayopita nchini kwenda nchi jirani, muda wa kutosha kujua kwamba mikutano ya miradi kama hii huzungumza sana madaraja na mahandaki, na kontena litashukia wapi huzungumzwa mwishoni, watu wakiwa wameshachoka. Alama za barabarani hazizungumzwi kabisa. Zinaachiwa fungu litakalobaki.

Naandika kwa watu wawili. Wa kwanza ni mwenye mzigo anayetaka kujua apitishe wapi. Wa pili ni diwani, mhandisi wa wilaya au mwenyeji wa kijiji ambaye siku moja ataitwa kikaoni aseme anataka nini. Maswali yao yanaonekana ni mawili, lakini kwangu ni moja: mahali kontena linapotoka kwenye behewa ndipo barabara inapoanza, na dereva anayekuja kulichukua anaanza kutafuta kibao hapohapo.

Njia tatu za leo

Mzigo wa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura una njia tatu kabla reli mpya haijafika.

Ya kwanza ni lori mwanzo hadi mwisho: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kabanga, Kobero. Ni zaidi ya kilomita 1,500. Uzuri wake hauna ubishi. Kontena linapakiwa mara moja bandarini na kufunguliwa mara moja ghalani, na katikati hakuna mtu wa kusubiriwa. Ubaya wake uko kwenye uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, na hizo ni kwa gari lenye ekseli saba. Toa uzito wa kichwa na tela, unabaki na kontena moja zito la futi 20. Na Vigwaza, Muhalala na Nyakanazi kuna vituo vya ukaguzi na mizani vinavyokusubiri.

Ya pili ni treni ya reli ya zamani, ile ya mita moja, hadi bandari kavu ya Isaka mkoani Shinyanga, kisha lori. Kwa mzigo wa Kigali ina maana. Kwa mzigo wa Bujumbura siipendekezi, isipokuwa lori limekosekana kabisa Dar. Kontena linanyanyuliwa mara mbili, na bado lori linabaki na mamia ya kilomita na milima yote.

Ya tatu ni treni hiyohiyo hadi Kigoma, halafu ziwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani, na kutoka hapo hadi Bujumbura ni kama kilomita 170 za maji. Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na naona inaonewa. Kwa saruji, mbolea na ngano ya magunia, vitu ambavyo havikimbizwi na tarehe, tishari hubeba kwa mkupuo mmoja mzigo ambao ungehitaji msururu wa malori. Tatizo lake liko sehemu mbili. Kipande cha Kilosa hadi Gulwe, ambako reli ya zamani inafuata bonde la mto Mkondoa, kimekuwa kikikatwa na mafuriko mara kwa mara, na kikikatwa hapo hakuna treni ya kwenda bara. Upande wa ziwa, maji ya Tanganyika yamepanda miaka hii ya karibuni hadi kuingia kwenye makazi na maeneo ya bandari ya Bujumbura. Kwa hiyo anayepita huku aweke siku za ziada kwenye hesabu yake, na asimwahidi mteja tarehe.

Reli mpya ikifika: Musongati au Kigoma?

Hapa ndipo kwenye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpango wa reli ya kisasa ya Tanzania unagawanyika huku magharibi. Tawi moja ni Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambalo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Njiani, kwenye Uvinza, linachepuka tawi la Burundi. Yote mawili ni ya upana wa milimita 1,435 na uzito wa tani 35 kwa ekseli, treni ya mizigo ikipangiwa kwenda hadi kilomita 120 kwa saa. Kipande cha Dar es Salaam hadi Dodoma kinabeba abiria tangu 2024, na pale Kilosa kimepita kwenye mahandaki badala ya kubembelezana na mto.

Maana yake mzigo wa Burundi utakapofika Uvinza utakuwa na chaguo: upande kaskazini hadi Musongati, au uendelee hadi Kigoma uingie majini.

Kwa ramani, Musongati inashinda. Mzigo uko ndani ya Burundi tayari, umeshavuka mpaka ukiwa ndani ya behewa. Lakini Musongati iko kusini-mashariki, na Bujumbura iko magharibi, kando ya ziwa, mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari. Katikati yao kuna mgongo wa milima unaopita mita 2,000. Mpango mkubwa ni reli iendelee hadi Gitega, Bujumbura, Uvira na Kindu, ila hadi siku hiyo, kontena likishuka Musongati litapanda lori, lipitie Gitega, lipande Bugarama, kisha literemke Bujumbura.

Aliyeteremka Bugarama anajua ninachosema. Kona zinafuatana, breki zinanuka, na vijana wa baiskeli wanakupita wakiteremka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa kwa kasi ambayo mtu wa lori hawezi. Wakirudi juu hushika nyuma ya malori yanayopanda, wawili watatu kwa pamoja, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye usukani wa baiskeli. Niliwahi kukaa kwenye kabini ya lori lililokuwa linapanda pale. Dereva hakubadili gia ovyo hata mara moja. Alisema lori likishtuka kidogo tu, mtoto wa mtu ameanguka.

Sasa fikiria treni moja ya mabehewa 40, kila behewa na makontena mawili ya futi 20. Yakiwa mazito, hayo ni malori 80 yanayotoka yadi moja, karibu kwa wakati mmoja, kuelekea mteremko huohuo. Reli itakuwa imeondoa malori kwenye barabara ya Singida na kuyarundika Bugarama.

Kwa hiyo nachagua hivi. Mzigo wa Gitega, Rutana, Ruyigi na mashariki yote ushukie Musongati. Mzigo wa Bujumbura wenyewe, hasa ule mzito usio na haraka, uendelee Kigoma na kuvuka kwa maji hadi reli itakapofika mjini. Mzigo wa Bujumbura wenye haraka, dawa kwa mfano, au vipuri vya mashine iliyosimama, ubaki kwenye lori la moja kwa moja. Najua wapo watakaosema kwamba kujenga reli hadi Burundi halafu kuupeleka mzigo wa Bujumbura ziwani ni kujirudisha nyuma. Mimi nahesabu mara ambazo kontena linanyanyuliwa, na watu wanaoishi kando ya ile barabara.

Kuna jambo moja linaloipa Musongati uzito mkubwa hata hivyo, nalo linanirudisha kwa yule mzee wa Kabanga. Kontena likivuka mpaka kwa treni, atakayelipokea ni dereva wa Burundi, kwenye mkono aliozoea. Hatari ya kubadili mkono usiku inaondoka bila kibao hata kimoja. Wapangaji wa alama wangekaa meza moja na wapangaji wa mzigo, wangeliona hili mapema.

Somo la Wakenya

Treni za mizigo za reli ya kisasa ya Kenya zilianza kutoka Mombasa kwenda Nairobi Januari 2018, na reli ikasogezwa hadi Naivasha mwaka 2019. Mwaka huohuo ikatolewa amri kwamba makontena ya Nairobi na ya nchi jirani yapite kwenye reli. Mombasa watu waliandamana, kwa sababu mji mzima ulikuwa unakula kupitia malori. Wenye mizigo nao walilalamika: kontena limefika Nairobi kwa treni, sawa, lakini kulitoa bandari kavu na kulifikisha ghalani ni gharama nyingine juu ya ile ya reli. Septemba 2022 serikali mpya ikaiondoa amri hiyo.

Kilichowashinda pale hakikuwa reli, maana treni ilikuwa inakwenda. Kilichowashinda ni mwisho wa reli, kilomita zile za mwisho ambazo mradi haukuzihesabu kuwa zake. Naivasha ilibidi waijengee kipande kingine cha kuiunganisha na reli ya zamani ya Longonot ili mzigo wa Uganda uendelee.

Uvinza inaweza kukwepa shida hiyo kwa urahisi zaidi. Reli ya mita moja inapita palepale. Tofauti ya upana kati ya milimita 1,435 na 1,000 inaruhusu kuweka reli ya tatu ndani ya njia moja, hivyo mabehewa ya aina zote mbili yakaingia yadi moja na kusimama karibu. Kwa TAZARA, reli ya kwenda Zambia, hilo haliwezekani: milimita 1,067 na 1,000 zimekaribiana mno, reli ya tatu haina pa kukaa, ndiyo maana Kidatu mzigo unahamishwa kutoka behewa hadi behewa. Uvinza wakiweka yadi ya pamoja tangu mwanzo, reli ya zamani itakuwa msaada wakati vipande vipya vinaendelea kukamilishwa, na wachimba chumvi wa pale watakuwa na pa kupakilia.

Mabehewa: ya wazi au ya makontena?

Burundi inaingiza mafuta, ngano, mbolea, saruji na bidhaa za viwandani. Inatoa kahawa, chai na kiasi kidogo cha vitu vingine. Treni ikipanda imejaa na kushuka tupu, nauli ya kupanda inalipia safari mbili. Nikeli ya Musongati ndiyo iliyofanya hesabu ya reli hii isimame, kwa sababu inatoa mzigo wa kuteremka.

Lakini madini na ngano havipandi behewa moja. Ukichagua mabehewa ya wazi kwa ajili ya nikeli, unapata upakiaji wa haraka na behewa lisilo na mambo mengi, na kwa upande mwingine behewa hilo litapanda tupu kila safari, na bandarini utahitaji eneo la kumwaga madini, na vumbi lake. Ukichagua mabehewa bapa yenye makontena ya madini, yale mafupi yenye kifuniko, behewa lilelile linaweza kupanda na kontena la ngano na kushuka na kontena la nikeli. Kontena ndilo linalobadilika, behewa halibadiliki. Kinachotakiwa ni mashine ya kunyanyua kila upande na nidhamu ya kutochanganya makontena. Kontena la madini lisiguse chakula hata liwe limeoshwa.

Mimi nipo na mabehewa bapa. Mgodi unaweza kuchelewa, bei ya nikeli inaweza kushuka, na behewa la wazi lisilo na madini ni chuma cha kuangalia. Behewa bapa halikosi kazi.

Wapishane kwa daraja au kwa kivuko?

Reli ya zamani ina vivuko vingi ambapo barabara inakata reli kwa usawa mmoja, na alama yake ni msalaba wa X na tahadhari kabla yake. Reli ya kisasa imejengewa uzio, na barabara zinapita juu au chini. Kwa treni inayokwenda kilomita 100 kwa saa na zaidi, hakuna kingine. Treni nzito ya mizigo inaweza kuhitaji hata kilomita moja kusimama. Dereva wa treni akikuona umekwama relini, hana la kukusaidia.

Kwa Burundi ningesisitiza hili mara mbili. Hakuna dereva aliyejifunzia udereva kule akiwa anavuka reli, kwa kuwa reli haijawahi kuwepo. Hata alama ya X ukiiweka, wengi hawajawahi kuitii maishani. Kivuko cha usawa mmoja kina bei ndogo siku ya kukijenga, halafu kinadai kila siku: geti, taa, kengele, mlinzi wa usiku, umeme usiokatika. Daraja linadai mara moja. Kwenye kila barabara ya lami, na kila njia ya kuingia yadini, nachagua daraja.

Penye ubishi zaidi ni njia za miguu. Burundi ni milima iliyojaa watu, nyumba zimetawanyika mgongo mzima wa kilima, na kila familia ina kijinjia chake cha kwenda shambani, mtoni, kanisani. Huwezi kuweka daraja kila penye kijinjia. Ukiweka uzio bila pa kupita, watu watautoboa, na ng'ombe watapita walipotoboa watu. Reli ya Djibouti hadi Addis Ababa imegonga ng'ombe na ngamia mara nyingi kwa sababu za namna hiyo. Makalavati mapana ya kupita chini ya tuta, ambayo mtu anapita na mbuzi wake bila kuinama, ndiyo yanayofaa. Mwenyeji unayeitwa kikaoni, hili ndilo lako: usiulize fidia peke yake. Uliza kalavati la kijiji chako liko kilomita ya ngapi na lina urefu gani kwenda juu.

Na malori yatakayopita chini ya daraja la reli? Kontena refu la futi 40 juu ya tela linafika karibu mita nne na nusu kutoka chini. Kibao cha urefu kikiwekwa kwenye daraja lenyewe, dereva anakisoma akiwa ameshaingia, nyuma yake foleni, na hana pa kugeuzia. Kinatakiwa kiwe kabla ya sehemu ya mwisho ambapo tela linaweza kugeuka. Nimemwona dereva akirudi nyuma na tela kwa zaidi ya nusu saa, tandiboi wake akitembea kwa miguu nyuma akipiga bodi kwa kiganja, kwa sababu kibao kilikuwa sahihi kila kitu isipokuwa mahali.

Kibao chenyewe: picha au maneno, lugha ipi

Umbo ndilo linaloonekana kwanza. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara linaamuru, na pembe nane inasimamisha gari, iwe imeandikwa kwa lugha yoyote. Dereva wa lori anayekwenda kilomita 80 kwa saa, kikomo cha magari makubwa Tanzania, anasafiri mita 22 kila sekunde. Hana muda wa kusoma sentensi. Kwa hiyo onyo lote liwe picha, na maneno, kama lazima yawepo, yasizidi mawili.

Wengine wanataka kila kibao kiwe na Kiswahili, Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Nia ni njema. Wakuu wa Jumuiya waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi mwaka 2021, na inapendeza kuona hilo barabarani. Lakini lugha nne kwenye kibao kimoja ni herufi ndogo, na herufi ndogo haisomeki usiku wa mvua. Afadhali kugawa kazi. Vibao vya mwelekeo havihitaji tafsiri: Gitega ni Gitega kwa lugha zote. Vibao vya madereva wa transiti, vya yadi, mizani na forodha, viandikwe Kiswahili na Kifaransa, kwa sababu Mtanzania, Mrundi na Mkongo watakutana kwenye mojawapo. Vibao vya waenda kwa miguu kando ya reli, yaani vya hatari ya umeme na vya usivuke hapa, upande wa Burundi vitangulize Kirundi, kwa maana anayevisoma ni mtoto anayetoka shule na bibi anayetoka sokoni.

Kuhusu mkono wa kuendeshea, nimeona mapendekezo ya kibao kimoja kikubwa sana pale mpakani. Mpakani dereva yuko macho. Ametoka kupanga foleni, kugonga mihuri, kubishana. Anajua fika kwamba amebadili nchi. Makosa yanatokea baadaye, kama alivyosema mzee: asubuhi, akitoka alipolala, barabara tupu, hakuna gari mbele la kufuata. Kwa fedha ya kibao kimoja kikubwa ningeweka vidogo kumi, kila mlango wa yadi, kituo cha mafuta na maegesho ya malori kwa kilomita za mwanzo baada ya Kobero, na upande wa pili vivyo hivyo kwa anayeingia Tanzania. Mshale uliochorwa kwenye lami mlangoni pa maegesho nao unatosha kumsemesha.

Vibao vya chuma vinaibiwa kuuzwa chuma chakavu, hilo kila mtu anayekaa kando ya barabara kuu analijua. Vikitengenezwa kwa plastiki ngumu au vikitobolewa matundu visifae tena kwa kazi nyingine, vinakaa. Nguzo ya zege ni bora kuliko ya bomba, ingawa lori likiigonga ina madhara zaidi. Kwa hiyo kwenye kona kali ningebaki na bomba na kulitafutia mtu wa kulikagua.

Kibao cha kwanza

Ningeulizwa nianzie wapi, nisingeanzia Uvinza wala Musongati. Ningeanzia Nyakanazi, kwenye njia panda, ambapo barabara ya kutoka Kahama inagawanyika: huku Ngara na mipakani, huku Kasulu na Kigoma. Dereva mwenye mzigo wa Burundi anaamua pale. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu iliingizwa kwenye mpango wa lami wa kilomita 260, kwa hiyo uamuzi huo sasa ni wa kweli, na reli ikifika utakuwa mzito zaidi.

Mita 500 kabla ya njia panda, mkono wa kushoto, kibao kimoja kinachoakisi mwanga, mistari miwili. Juu: mshale wa Kobero na picha ya lori. Chini: mshale wa Kigoma, picha ya behewa na picha ya meli. Kisha kingine kilekile mita 150 kabla, kwa aliyekuwa anapokea simu kilipopita cha kwanza.